Mshale wa Mashine ya Kuchomelea

Mjukuu wangu Zaituna, asalam aleikum. Hapa Magarama tuko wazima. Goti la bibi yako limepona.

Unauliza kama naielewa kazi yako ya kupima plazma na kukadiria itapitisha umeme kiasi gani. Nilipokuwa nikijifunza kuchomelea vyuma kule Muyinga, niliona kwamba moto ukirefuka, mshale wa mashine unaoonyesha kiasi cha umeme hushuka. Siku moja nikamtajia fundi wangu namba ambapo mshale utasimama, kabla hajainua fimbo ya kuchomelea.

"We unabahatisha," akasema.

Akajaribu mara tatu. Mara zote mshale ulisimama nilipotaja. Akavua kinyago chake cha kukinga macho, akanivisha mbele ya mafundi wote.

Sikujua ile hewa inayowaka ndiyo plazma. Umenifundisha wewe, nami namwambia hivyo kila anayepita dukani kwangu.

Babu yako, Hamisi