Yowe la konokono kwa daktari wa meno

Shoga, usicheke. Nimetoka kwa daktari wa meno sasa hivi, shavu limevimba kama puto.

Unamkumbuka yule konokono niliyemtolea sauti kwenye katuni? Anakanyagwa, anapiga yowe, basi, harudi tena.

Daktari kanigusa jino, nikapiga yowe. Libaba zima, koleo mkononi, likaganda: "Konokono?!"

KONOKONO, shoga! Ananiuliza mimi, mdomo wazi, mate yananitiririka!

Kumbe yeye na wenzake wana grupu lao kwenye simu, kazi yao kurushiana lile yowe langu la katuni. Watu wazima! Akili ni nywele, na yule ana upara.

Akatoa simu: "Dada, rudia kidogo nikurekodi." Nesi naye akanisogezea taa.

Nikarudia. Ndiyo, nikarudia! Nilitaka aling'oe jino niende zangu.

Akawatumia wenzake. Wakamjibu eti ni feki, konokono wa kweli ana uchungu zaidi.

Uchungu zaidi! Na jino limeoza hadi kwenye mzizi!

Akaniangalia kwa huruma, akanichezea ile sauti ya kwenye katuni: "Sikiliza, dada, ujifunze."

Nikabeba mkoba wangu nikatoka.

Jino bado ninalo.