Karatasi Yangu ya Mtihani Imenianika

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimebanwa, maana nina mpaka Ijumaa tu, baada ya hapo mimi si mwanachuo tena. Nasomea ualimu wa hisabati, mwaka wa tatu, na macho yangu ni mabovu tangu utotoni, kwa hiyo chuo hunichapia mtihani kwa maandishi makubwa, na siku zote nilikuwa nauchukua ofisini kimyakimya, lakini muhula uliopita wakabadilisha utaratibu, karatasi zote zikawa zinagawiwa ukumbini, basi msimamizi akasimama mbele ya watu mia mbili, ameliinua likaratasi langu kama kalenda ya ukutani, akauliza, "Kipofu wetu amekaa wapi?" Ukumbi mzima ukacheka, nami nikainuka kwenda kulichukua, na tangu siku hiyo naitwa Kalenda hadi kwenye foleni ya chakula. Kesho yake nikaenda ofisini nikasaini kwamba sihitaji tena msaada wowote. Mitihani iliyobaki nikafanya kwa karatasi ya kawaida, tatu nikaiona nane, alama ya kutoa sikuiona kabisa, nikafeli masomo mawili, na sasa nimepewa barua ya kuondolewa, ila nikikata rufaa nikaambatisha ripoti ya daktari huenda wakanisikiliza.

Tatizo ni hiyo ripoti. Imeandikwa kwamba baada ya miaka michache sitaona kabisa, na hilo sijamwambia mtu, hata mama, yeye anajua nikipata miwani mizuri yameisha, na karani anayepokea rufaa yuko naye kikundi kimoja cha akina mama, mdomo wake hauna breki. Mwenzangu wa chumbani ana binamu yake, tabibu wa zahanati, anasema ataniandikia cheti kwamba siku zile nilikuwa na homa kali, mambo yaishe. Nimechoka, Shangazi. Mara nyingine naona bora nifungashe nirudi nyumbani. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Hilo jina la Kalenda mimi sikuiti. Barua yako imenipandisha hasira, kwanza kwa huyo msimamizi asiye na haya, halafu kwako. Kuchekwa na watu mia mbili si mchezo, najua, na roho imeniuma. Lakini kosa lilikuwa lake, wewe ukaenda kujiadhibu. Ulitakiwa uandike malalamiko, ukaandika kujitoa!

Hicho cheti cha homa usikiguse. Kikigundulika unafukuzwa kwa udanganyifu, na tabibu wa watu umemharibia kazi. Hata kikipita, muhula ujao utaugua nini?

Kesho asubuhi rudi kwa daktari wako, mwombe barua fupi: una uoni hafifu, unahitaji maandishi makubwa na muda wa ziada. Basi. Macho yako yatakuwaje baada ya miaka mitano hayo ni yako, ofisi haiyahitaji ili kukuchapia karatasi. Kwenye rufaa taja siku, ukumbi, na maneno ya msimamizi kama yalivyomtoka. Kiri kwamba ulisaini kwa aibu. Omba ufanyie mtihani chumba cha pembeni. Bahasha ifunge, andika SIRI, umkabidhi mkuu wa kitivo mkononi, na nakala yako isainiwe. Karani akikwambia uiache mezani kwake, mjibu kwa heshima kwamba utasubiri, kisha kaa kwenye benchi hata kutwa nzima.

Sikupi ahadi yoyote. Ile saini yako ya kukataa msaada watakutolea, na rufaa inaweza kugonga mwamba. Ikigonga, omba kurudia mwaka, ila safari hii kwa karatasi unayoweza kuisoma.

Mama mwambie wewe mwenyewe, jioni hii, wala usimzungushe. Atalia, nawe utalia, na hakuna miwani itakayobadilisha hilo. Miaka ya kuona uliyobakiwa nayo ni michache, mwanangu, na muhula mzima umeshaumaliza kwa kujificha.