Kibuyu cha Kwanza

Jumapili, 4 Agosti 1991

Tumefukia ndizi za pombe ya Gaspari ziive, baada ya misa. Anamwoza binti yake Jumamosi, na lubisi, pombe yetu ya ndizi, ameagiza kwetu. Kwetu! Kesho mimi na Kashaija tunasimama mbele ya hakimu, leo tumeinama kwenye shimo moja. Yeye anashusha mikungu, mimi napanga. Verdiana, mkewe, kaleta majani ya kufunikia. Na anavyonitazama! Kama mgeni aliyekaa mno.

Kashaija huyu ni mdogo wangu wa mwisho, niliyembeba mgongoni. Ndiye anayesema mtumbwi wa kukamulia pombe si wangu. Nilitoa mbuzi wangu kuuchongesha, mwaka ule niliporudi kutoka kwa mume. Makubaliano yalikuwa mepesi: mtumbwi wangu, ndizi za kibanja, shamba la baba alilorithi, na miguu yake – maana kwetu mwanamke hakanyagi pombe. Kinachopatikana, nusu kwa nusu. Tuliyasema jikoni, tukala, yakaisha. Sasa kilabu kimechangamka, na mimi nimegeuka msaidizi. Eti malipo yangu ni chakula nilichokula kwake!

Jumatatu, 5 Agosti

Mahakamani.

Hakimu kauliza mkataba wetu uko wapi. Nikamwambia, mheshimiwa, mtu na ndugu yake wanaandikishana? Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Akaitwa shahidi wangu, Nyiransabimana, anayetukatia nyasi za kukamulia. Kasema vizuri kabisa: mbuzi walikuwa wangu, mtumbwi uliletwa kwa jina langu. Nikaanza kupumua. Kashaija akajibu kwamba mbuzi walikuwa shukrani yangu kwa kupokelewa nyumbani. Kisha akaomba kumuuliza yule mama swali moja tu. Pombe ikiiva, nani anaonja kwanza?

Maskini, hajui uongo. Kashaija, akasema. Kila mara? Kila mara. Na nani anampa? Dada yake, tena kwa magoti.

Mzee Telesfori, mshauri wa mahakama, akaguna. Akamweleza hakimu, ambaye si wa huku, kwamba kwetu anayeonja kwanza ndiye mwenye pombe.

Lo! Nilimpa kwa sababu amekalia kiti cha baba! Ni heshima tu! Nikasimama niseme, nikaambiwa nikae, zamu yangu imepita. Hukumu Jumatatu ijayo.

Heshima imeniponza.

Jumatano, 7 Agosti

Usingizi hauji. Nikishindwa naenda wapi? Chumba changu kiko nyuma ya kilabu chao. Kwa mume sirudi ng'o.

Nimekwenda kwa Therese, mke wa Gaspari, kumwambia watafute pombe kwingine. Kashtuka. Ndizi ziko shimoni, mwenzangu, zitamngoja hakimu? Halafu akashusha sauti. Jumamosi Mzee Telesfori atakuja pamoja na kina Gaspari kuchukua pombe. Nionje mimi kwanza, mbele yake. Basi!

Basi, anasema. Mwanamke aonje na mwenye mji amekaa palepale! Watasema nimemzika mdogo wangu akiwa hai.

Ijumaa, 9 Agosti

Kashaija kakanyaga ndizi leo. Nyiransabimana kaleta nyasi, hanitazami usoni. Nikamwambia, mama, hukukosea, ulisema ulichokiona. Akalia. Na mimi nikalia, wajinga wawili.

Zamani Kashaija akikanyaga huimba. Leo kimya. Alipoteleza nikamdaka mkono kabla sijafikiri. Asante, Dada, akasema. Halafu akaikumbuka kesi, akauchomoa mkono wake.

Nimetia mtama wa kuchachusha, nimefunika. Yesu wangu, nimpe au nisimpe?

Jumamosi, 10 Agosti

Imeiva. Harufu yake tu inatosha kulewesha. Uani kumejaa: Gaspari na ndugu zake na madebe yao, Mzee Telesfori na kofia yake. Kashaija yuko kwenye kigoda cha baba. Wote wananitazama mikononi. Jamani, wanajua!

Nimeteka kibuyu cha kuonja, nimepita nacho chumbani nitulie kidogo. Naandika nimesimama. Nimeshaamua, toka alfajiri nimeamua: naonja mimi. Nitasema, wazee mtanisamehe, pombe hii ni yangu pia. Nimeyarudia maneno hayo mpaka ulimi umekauka.

Verdiana anaita. Wifi, wazee wanasubiri!

Sasa ndiyo natazama nilichoshika. Kibuyu cha Kashaija, kile chenye mkanda wa ngozi ninachompa kila mara. Mrija wake umo tayari, nimeutia saa ngapi sijui. Changu kinaning'inia hapa ukutani, kikavu. Mkono umekwenda wenyewe.

Nimwage? Niteke upya? Wataniona nikirudi kwenye mtumbwi.

Sasa anaita Kashaija mwenyewe. Dada, kuna nini? Sauti ileile ya zamani, alipokuwa akiogopa kutoka nje peke yake.

Naenda. Magoti haya sijui yatafanya nini.