Pipa Lililosimama Sawa Kigwena

Mjukuu wangu Chantal,

Unisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu. Hapa Rumonge sote tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua binti mwenye sauti kubwa.

Unauliza kama gari lako la kuishi uliwekee jeki za kulisimamisha sawa za kuzungusha kwa mkono au zinazojisawazisha kwa kitufe. Nimekumbuka mawese yetu ya kwanza tuliporudi kutoka Tanzania. Pipa lilikuwa likichemka pale Kigwena, mara jiwe moja la jiko likazama udongoni, na mafuta yakafika ukingoni upande mmoja. Hayo ndiyo yalikuwa mavuno yetu yote.

"Mwalimu, mafuta iko inakwenda ziwani!" shemeji yangu alinipigia kelele, maana nilikuwa nikifundisha shule. "Kawafundishe samaki kupika!"

Babu yako aliinua pipa kwa mti. Mimi nilisukuma vijiwe bapa chini yake, kimoja kimoja, macho yangu yakiwa kwenye mstari wa mafuta, mpaka ukalingana pande zote. Halikumwagika hata tone! Tulishangilia hadi wavuvi wakaja kuuliza nani anaoa.

Chukua za kitufe; kuumiza mgongo si sifa. Ila hakikisha zinazungushika pia kwa mkono, maana umeme huzimika, na ujizoeze kutazama mwenyewe kama gari limekaa sawa.

Mwaliko wako wa kulala humo garini bado naujadili na baba yako; tukishaamua, nitakuandikia. Nikija, nitaweka sahani ya maji mezani kabla sijavua viatu, nione kama yamelingana pande zote.

Bibi yako