Besi Yetu Wenyewe

Jumanne, 4 Juni

Mazoezi ya kwaya saa kumi na moja jioni, kama kawaida. Tumefika tisa kati ya ishirini na wawili. Manyunyu, baridi, mlima Meru hauonekani tangu Jumapili. Nimetoka kazini, gereji ya kule Sakina, na mikono ya grisi. Mwalimu Elia hapendi, lakini besi haiimbwi kwa mikono.

Mwishoni akasimama mwenyekiti wa kwaya, Mzee Nanyaro. Kile kipindi cha runinga kinachozunguka kwenye kwaya za mitaani kinakuja kwetu, Daraja Mbili. Jumamosi ya tarehe 22. Wameona video yetu.

Mimi na mke wangu, Mama Upendo, hatukikosi kipindi hicho. Wauza nyanya, walinzi, walimu waliostaafu, wanaimba pamoja mpaka unasahau chai mkononi. Mimi napenda kutazama sura zao. Nimefurahi sana. Halafu nikaikumbuka video yetu, furaha ikaingia mchanga.

Alhamisi, 6 Juni

Wote ishirini na wawili. Hata waliopotea tangu Pasaka. Nusu saa nzima ya sare: bluu au maruni. Kisha stepu za kucheza. Spika ya Mzee Nanyaro ikawashwa, flashi ikachomekwa, wimbo wetu ukalia. Tukacheza na kufungua midomo. Ndivyo tunavyofanya tangu turekodi, mwaka wa tatu sasa. Harusini, kwenye kipaimara, popote: flashi inaimba, sisi tunacheza. Leo hakuna aliyeimba hata mstari mmoja. Hakuna aliyeona ajabu.

Niandike ninalojua, maana sijawahi kumwambia mtu. Besi ya kwenye video ile si yetu. Siku ya kurekodi sisi wa besi tulikuwa wanne, tukakosea kuingia mara kumi, fundi wa studio akatuchoka. Akatutuma tukanywe chai. Tuliporudi, alikwisha kuwaita vijana wawili wa jirani, wameimba besi, na kazi imekwisha. Sisi wanne na Mwalimu Elia tukakubaliana kunyamaza.

Mama Upendo huwawekea wageni video ile na kuwaambia, "Hiyo sauti nzito ni ya Baba Upendo." Mimi hutazama kikombe changu. Naona haya mpaka masikio yanawaka. Safari hii nataka anisikie mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Mwandaaji wa kipindi, dada Zuhura, amekuja kuangalia kanisa. Amepokewa na Mzee Nanyaro na mimi. Shikamoo zake za adabu, maswali machache. Halafu sharti: kila kwaya inaimba kwa midomo yake. Hakuna flashi, hakuna kinanda.

Mzee Nanyaro akajibu, "Hamna shida, mwanangu."

Alipoondoka nikamuuliza mzee atawaambia lini wenzetu. "Wewe tulia. Siku hiyo tunachomeka tu. Watakuwa wameshatega kamera zao, watafanya nini?"

Nimekasirika mpaka sasa. Na nimenyamaza, kwa sababu ni mzee. Hilo nalo linaniudhi.

Jumanne, 11 Juni

Umeme umekatika katikati ya ubeti wa pili. Spika kimya. Sisi tukaendelea. Watu ishirini na wawili, mguu kulia, mguu kushoto, midomo wazi, na sauti hakuna. Tulicheza hivyo karibu mstari mzima kabla mtu hajashtuka. Mama Kaaya wa soprano akaanza kucheka, kisha akaacha.

Nikasimama. Nikasema yote: sharti la dada Zuhura, studio, vijana wawili, chai. Wenzangu wa besi wakatazama sakafu. Mzee Nanyaro akasema nimemvunjia heshima mbele ya watu. Akachukua koti, akachukua spika yake, akaondoka. Saba wakamfuata.

Mwalimu Elia akatugeukia tuliobaki. "Tunaimba au tunaenda nyumbani?"

Tukaimba. Vibaya mno. Kule studio wimbo ulipandishwa juu kwa mashine; soprano walipoufuata wakalia kama breki za lori. Mwalimu akaushusha. Tukaanguka tena. Tumekubaliana kukutana kila siku.

Jumatano, 12 Juni

Habari imenitangulia nyumbani. Wanawake wa kwaya hupita dukani kwa Mama Upendo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Miaka yote hiyo, Baba Upendo. Na wageni wote wale." Akaendelea kuchambua mchele. Heri angenigombeza.

Jumatatu, 17 Juni

Siku ya sita mfululizo. Tuko kumi na wanne. Besi bado ni wanne, hakuna aliyekimbia. Naimba nikiwa chini ya magari. Leo mteja ameuliza kama giaboksi yake ndiyo inayonguruma hivyo. Koo linauma. Tangawizi asubuhi, tangawizi jioni. Nyumbani video haiwekwi tena.

Siachi.

Jumatano, 19 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Nanyaro kumwomba radhi. Si kwa nilichosema, kwa namna nilivyokisema. Alinikaribisha, akaniacha niongee mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Pumzi yangu imekwisha, Baba Upendo. Siwezi kumaliza mstari. Ile spika ndiyo inayonibakiza kwenye kwaya."

Sikuwahi kufikiria hilo. Nilikuwa nimemwita mjanja moyoni wiki nzima. Nimemwambia aje asimame nasi besi, aimbe anapoweza, asipoweza sisi tupo. Alinisindikiza mpaka getini.

Jumamosi, 22 Juni

Tumeimba.

Mara ya kwanza ilikuwa kichekesho. Mwalimu Elia akatoa sauti, akashusha mkono, na sisi sote tukasimama kusubiri kinanda cha kwenye flashi kianze. Kinanda hakipo! Dada Zuhura akauliza kama tuko tayari. Kanisa zima likacheka, na sisi tukacheka, na nadhani hicho ndicho kilichotufungua.

Mzee Nanyaro alikuja dakika ya mwisho. Ana sare, hana spika. Wale saba nyuma yake. Mwalimu akawapanga pembeni, waitikie kiitikio tu. Mzee yeye alisimama nasi besi, kushoto kwangu. Aliimba maneno mawili matatu, akapumzika, akaingia tena.

Mara ya pili besi ilitetemeka ubeti wa kwanza. Wa pili ikasimama. Wa tatu nikaacha kuisikia sauti yangu, nikasikia yetu, na nikataka wimbo usiishe. Waliokuwa madirishani wakadaka kiitikio. Mama Upendo alikuwa mlangoni. Jua lilikuwa nyuma yake, sikumwona uso.

Dada Zuhura amesema hajui watarusha lini, na huenda wakakata baadhi ya beti. Wakate.

Jumapili, 23 Juni

Meru imefunguka mpaka kileleni. Baada ya ibada tumekaa uani. Mama Upendo anachambua maharage, mimi nasugua buti za kazi. Hatujaizungumzia jana.

Akaanza kuuimba wimbo wetu, polepole, macho kwenye ungo. Akafika kwenye kiitikio, pale besi inapotangulia peke yake. Akanyamaza. Hakuniangalia. Akasubiri, mkono ndani ya maharage.

Nikaweka buti chini, nikaimba.