Kwa Bibi Tsiuri: Askari Tuliyemchonga Safu Isiyo Yake

Mwaka umetimia, Bibi Tsiuri, tangu ulipotuacha hapa Kutaisi. Ubao wako wa sataranji bado uko juu ya meza ya jikoni.

Wagonjwa waliokuja kwenye duka lako la dawa walikujua kwa upole. Sisi tulikujua kwa maharage yaliyoungua. Ukishika fumbo la malkia na askari, sufuria ilijitegemea.

"Yameungua kidogo tu," ulisema, "lakini malkia ameshinda."

Ukicheza na watoto wa ghorofa letu, aliyeshindwa ndiye uliyemkatia kwanza khachapuri, mkate wa jibini, ya moto. Na wote uliwaonya: "Tazama kwanza, mkono baadaye. Ukishagusa, umecheza."

Tekle, mjukuu wako, alitaka jiwe la kaburi lako lizungumze. Alimchorea mchongaji fumbo ulilolipenda: malkia mweupe yuko mbali, askari mweusi amebakiza hatua moja naye awe malkia. Chini yakaandikwa maneno: Nyeupe inashinda. Tekle hakufungua vitabu vyako, aliamini anakumbuka. Sisi wengine tulisifu uzuri wa herufi.

Jumapili tulikuja kaburini na mkate na divai. Wenzako wa kucheza sataranji bustanini walilitazama jiwe, kisha wakatazamana. Mzee Valiko akavua kofia.

"Tsiuri, dada yangu, nani kakufanyia hivi?"

"Kuna nini, babu?" Tekle akauliza.

"Askari huyu alikaa safu anayoanzia farasi, mama. Ninyi mmemweka safu ya jirani. Hapo mfalme mweusi anajibanza pembeni, na ukimla askari, mfalme huyo hana pa kwenda, mchezo unakwama. Sare. Hata Tsiuri mwenyewe hashindi hapa."

"Labda watu hawatagundua," mwanao Gocha alinong'ona.

"Kutaisi hii, ambako kila mtu anacheza sataranji?" Valiko akamjibu.

Tekle alimfunika askari kwa kiganja, ingawa wote walikwisha kuona. Miaka yote alikaa mezani kwako akila na kucheka, wala hakuwahi kuutazama ubao.

Mchongaji anasema askari atahamishwa, ila kovu litabaki kwenye jiwe. Tumekubali libaki. Tekle sasa huketi mbele ya fumbo lile, mikono mapajani, na hataki kuonyeshwa jibu. Jana maharage yaliungua.

Tusamehe. Tunaokukumbuka ni mwanao Gocha, mkweo Nanuli, mjukuu wako Tekle, mzee Valiko na wenzako wa bustanini.

Hatutakusahau kamwe, Bibi. Na safari hii tutatazama kwanza.