Maji Chini ya Duka

Shoga, nimetoka kwenye lile duka nililotaka kununua nioke mikate.

Nilimlaza mtoto sakafuni. Akaweka sikio chini, akacheka. Nikainama na mimi. Maji! Yanakimbia chini ya sakafu!

Muuzaji eti, "Mama, ni mtaro tu huo, haumli mtu."

Mpima ardhi niliyekuja naye akasema, "Maji yana haki ya kupita hapa. Manispaa wakitaka kuuzibua mtaro, wanavunja sakafu, hata mwenye duka awe nani."

Awe nani! Na tanuri langu lingekaa pale pale!

Nimekataa. Mlangoni nikapishana na dada mjamzito. Muuzaji akamwambia, "Karibu, duka bado lipo."

Nikapita zangu, shoga. Nimefika kona, nimesimama.

Narudi kumwambia yule dada.